Kodi ya Majengo Ikome Kuhamahama

Mwaka 2008 Serikali ilizinyang'anya manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke kazi ya kukusanya kodi ya majengo na kuikabidhi kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Mwaka 2014 ikazirudishia. Mwaka 2016 ikaichukua tena, na safari hii haikuishia Dar es Salaam. Kuanzia 2018 hesabu ya thamani ya jengo ikawekwa kando, nyumba ya kawaida ikapangiwa shilingi 10,000 kwa mwaka popote ilipo na yeyote anayeimiliki. Mwaka 2021 kodi ikapanda kidogo na kuhamia kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mwaka 2023 viwango vikapanda kwa nusu nzima, kwa mpigo mmoja. Katika miaka yote hiyo swali moja halikujibiwa na waziri yeyote kwa sentensi iliyonyooka: fedha hizi ni za nani?

Jibu letu ni kwamba ni za mji. Ni za mtaa ambao nyumba hiyo imejengwa, ambao gari lake la taka halijapita, ambao zahanati yake inadaiwa maji. Hazina ya Taifa ina kodi ya mapato, ina ongezeko la thamani, ina ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kuivizia pia shilingi 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye umeme wa mwenye nyumba wa Buza, kisha kuwaambia madiwani wa Temeke wasubiri mgawo, ni uroho usio na tija. Na kuziachia halmashauri zetu fedha hiyo bila masharti makali ni ujinga, kwa sababu tunazijua. Makosa hayo mawili tumeyatenda kwa zamu, moja baada ya jingine, na tukayaita mageuzi.

Kwanza tuseme kwa nini kodi hii inastahili kupiganiwa kuliko ushuru mwingine wowote wa halmashauri. Jengo halihami. Ushuru wa mazao, ambao ndio uti wa mgongo wa halmashauri nyingi za wilaya, hutegemea mvua na bei ya korosho au pamba. Ushuru wa huduma, ile sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni, hutegemea mwaka wa biashara, na hutegemea pia vitabu vya hesabu ambavyo mweka hazina wa halmashauri havioni. Ushuru wa stendi na soko hupungua siku mabasi yakihamishiwa stendi mpya. Nyumba ya tofali na bati iko pale pale kwa miaka 40, na kila barabara inayowekwa lami mbele yake na kila bomba linalopita humpandishia mwenyewe thamani bila yeye kuinua jembe. Anayelipa anaiona huduma kwa macho yake au anaona ilivyokosekana. Kwa mapato yasiyoyumba mwaka hadi mwaka, yale ambayo mkurugenzi anaweza kuyategemea anaposaini mkataba wa miaka mitatu wa kuzoa taka, mji hauna chanzo kinachoipita hii.

Nchi yetu imewahi kujaribu kuendesha miji bila mji kuwa na chake. Kati ya 1972 na 1974, wakati wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya na kisha za miji zilivunjwa. Kazi zao zikachukuliwa na maofisa waliowajibika kwa mkoa na wizara, na bajeti zao zikatoka juu. Miaka michache ilitosha. Taka hazikuzolewa, majitaka yalitapakaa, dawa zikakosekana, na kipindupindu kikaingia mijini. Mwaka 1978 Serikali ileile ikarudisha mamlaka za miji. Sheria za 1982 zikaziwekea msingi, na Sheria ya 1983 ya kutoza kodi ya majengo mijini ikazipa chanzo chao. Waliotunga sheria hiyo walikuwa wametoka kuona matokeo ya mji usiokuwa na mfuko. Wajukuu wao tumesahau: Agosti 2015 mlipuko mkubwa wa kipindupindu ulianzia tena Dar es Salaam, ukasambaa nchini na kuendelea kwa miaka.

Baada ya hapo chanzo kimoja baada ya kingine kilikatwa. Kodi ya maendeleo, ambayo watu waliichukia kwa jina la kodi ya kichwa, ilifutwa 2003. Ilistahili kufutwa, maana ilikusanywa kwa mgambo na kamba. Lakini pengo lake likaahidiwa kuzibwa kwa ruzuku kutoka Hazina, na kila aliyekaa kwenye kamati ya fedha ya halmashauri anajua ruzuku huja lini na huja pungufu kiasi gani. Kisha ikaja 2016 na kodi ya majengo ikaondoka. Mwaka uliofuata ada ya mabango nayo ikaondoka. Julai 2017 ikaanzishwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na barabara za mitaa pamoja na mitaro yake zikatolewa mikononi mwa halmashauri.

Hapa kuna msomaji atakayeuliza: kama barabara na mitaro si kazi yao tena, fedha wanazitakia nini? Ni swali la haki. Taka bado ni zao. Masoko ni yao, zahanati na vituo vya afya ni vyao, shule za msingi na sekondari za kata ni zao, makaburi ni yao, upimaji wa mitaa na vibali vya ujenzi ni vyao. Mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hutengwa kutoka mapato yao ya ndani, kwa hiyo mapato hayo yakipungua vikundi vya VICOBA na bodaboda vinapungukiwa pia. Na mtaro ulioachwa kwa TARURA huzibwa na taka ambazo ni jukumu la halmashauri. Mto Msimbazi unapofurika mvua za masika, maji hayaulizi mtaro ulikuwa wa nani.

Tuwe wakweli kuhusu upande wa pili. Serikali haikuzichukulia halmashauri kodi hii kwa uchokozi mtupu. Halmashauri zilikuwa zinaikusanya vibaya. Majengo yaliyokuwa kwenye vitabu yalikuwa sehemu ndogo ya majengo yaliyosimama. Uthamini uliofanywa kwa misaada ya wafadhili miaka ya 1990 na 2000 uliachwa ukazeeka. Ankara zilipelekwa kwa mkono na watendaji wa mitaa, wengine wakalipwa ili ankara ipotee njiani, na nyumba za wakubwa zilirukwa kwa heshima. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikitaja, mwaka baada ya mwaka, fedha za halmashauri zilizokusanywa kwa mashine za POS na zisifike benki. Mkusanyaji anakabidhiwa mashine, mashine inazimwa, mkusanyaji anahamia kata nyingine, na kamati ya fedha inapokea taarifa na kwenda kunywa chai. Gazeti hili halina chozi la kumlilia mkurugenzi wa namna hiyo.

Lakini dawa iliyotolewa haikuutibu ugonjwa huo. TRA ilipokabidhiwa kazi mara ya kwanza haikuwa na mtu mtaani. Walioijua mitaa walikuwa halmashauri, na halmashauri hazikuwa na sababu ya kuhangaikia fedha isiyokuwa yao. Watafiti wa taasisi ya REPOA na wenzao wa Norway walioufuatilia mwenendo huo walifikia hitimisho ambalo lingeweza kuokoa miaka mingi kama lingesomwa: tija haikutegemea ni ofisi gani inayokusanya, ilitegemea kama ofisi hizo mbili zinashirikiana. TRA ina mifumo na nguvu za kisheria. Mtaa una macho. Tulichofanya sisi ni kuzitenganisha kila mara, na kila tulipozitenganisha tukapoteza miaka ya kuhamisha mafaili.

Na wananchi, ambao hutajwa kila mara kuwa ndio wasiopenda kulipa? Katikati ya 2017 walijipanga kwenye foleni ndefu nje ya ofisi za TRA, juani, wazee kwa vijana, wakitaka kulipa kabla ya tarehe ya mwisho. Muda ukalazimika kuongezwa. Nchi ambayo watu wake wanapanga foleni kulipa kodi na mfumo ndio unaoshindwa kuwapokea haina haki ya kuwaita wakwepaji.

Sasa tuje kwenye kiwango, kwa sababu hapo ndipo udhalimu ulipojificha chini ya neno urahisi. Kwa viwango vya 2023, nyumba ya kawaida hulipa shilingi 18,000 kwa mwaka, na jengo la ghorofa hulipa shilingi 90,000 kwa kila sakafu. Maana yake ni hii. Mjane wa Mbagala mwenye vyumba vitatu vya tofali za saruji, choo cha nje na mita moja ya umeme anatozwa 18,000. Mwenye jumba la chini lililosambaa kwenye kiwanja kikubwa cha Oysterbay, lenye bwawa la kuogelea, jenereta na vibanda viwili vya walinzi, anatozwa 18,000. Fundi seremala wa Kimara aliyejibana miaka kumi akapandisha sakafu moja ya juu kwa sababu kiwanja chake ni kidogo anahesabiwa ghorofa, anatozwa mara kadhaa ya yule wa Oysterbay. Jengo la sakafu kumi katikati ya Kariakoo, lenye fremu chini hadi juu, linatozwa shilingi 900,000 kwa mwaka mzima, na wapo wenye fremu moja tu kwenye mitaa iliyochangamka wanaopokea zaidi ya hapo kwa mwezi. Aliyebuni hesabu hii alikuwa anatafuta kitu rahisi kukata kwenye mashine, akakipata. Haki hakuitafuta.

Tuangalie pia inachoingiza. Mtaa wenye nyumba za kawaida 1,000, zikilipa zote bila kukosa hata moja, unazaa shilingi milioni 18 kwa mwaka. Ni milioni moja na nusu kwa mwezi, kwa wakazi ambao ni elfu kadhaa. Kwa fedha hiyo ulipe wafagiaji, ukodi lori, utie mafuta, ulipe dampo la Pugu Kinyamwezi, na ubakize ya taa za barabarani? Haiwezekani, na kwa sababu haiwezekani kaya hizohizo zinatozwa tena na mzoa taka wa mtaa, mara nyingi kiasi kinachozidi ile 1,500 ya kodi. Mwananchi analipa kodi ya mji isiyouendesha mji, kisha analipa huduma ileile kwa mkupuo wa pili. Haya ndiyo tunayoyaita unafuu kwa wanyonge.

Ubaya mwingine wa kiwango kilichoandikwa kwa shilingi ni kwamba hakisogei mpaka Bunge likisogeze. Bei ya dizeli inapanda, mshahara wa kima cha chini unapanda, saruji inapanda, lakini kodi imelala. Kisha siku moja ya Juni waziri anasimama na kuipandisha kwa asilimia 50, wananchi wanapiga kelele, wabunge wanaogopa, na inalala tena miaka mingine. Mweka hazina wa mji hawezi kupanga lolote juu ya kitu kinachokwenda kwa mirukomiruko namna hiyo. Nyongeza ndogo ya kila mwaka, inayofuata mfumuko wa bei uliotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ingeleta fedha nyingi zaidi na kelele chache zaidi.

Kuhusu LUKU, hatuungani na wanaotaka ifutwe leo. Makato kwenye umeme yalianza Agosti 2021, mwaka uleule wa tozo za miamala ya simu, na hasira ya tozo ikaifunika hasira hii. Kama chombo cha kukusanyia, LUKU imefanya jambo ambalo hakuna mtendaji wa mtaa aliyewahi kulifanya: inafika kila mwezi, haipokei rushwa, haikosei njia. Hilo tunalikubali.

Tatizo ni kwamba mita ya umeme haimjui mwenye nyumba. Inamjua anayenunua umeme, na mijini huyo ni mpangaji. Kodi ya majengo kisheria ni deni la mmiliki. Serikali ilipoulizwa ikasema mpangaji akatwe, kisha wamalizane na mwenye nyumba wake kwenye kodi ya pango. Yeyote aliyewahi kupanga chumba Manzese, Sinza au Mwanjelwa anajua mazungumzo hayo yanaishia wapi: "Kama hutaki, mkataba wako unaisha lini vile?" Wapangaji wa chumba kimoja kimoja, wengine wakilala wanne kwenye chumba, wamefanywa walipa kodi wa nyumba zisizokuwa zao, na wenye nyumba wanakula pango lote. Juu ya hayo kuna nyumba moja yenye mita nne, ambapo mwenyewe anatakiwa ahangaike mwenyewe ofisini kueleza kuwa jengo ni moja. Kuna mita moja inayolisha nyumba tatu za ukoo. Kuna mzee aliyepita miaka 60, anayeishi kwenye nyumba yake na ambaye sheria imemsamehe, lakini mashine ikamkata kwa sababu hakuna aliyemuondoa kwenye orodha, na nauli ya kwenda kudai msamaha ni kubwa kuliko kodi yenyewe. Na kuna majengo yasiyotumia umeme wa TANESCO kabisa, ambayo kwa mfumo huu hayapo duniani.

Kasoro zote hizo zinatoka mahali pamoja: hatuna daftari la majengo. Tuna orodha ya mita. Ndiyo maana Bunge linapoambiwa makusanyo yamepanda au yameshuka, hakuna anayeweza kusema yamepanda kutoka majengo mangapi kati ya mangapi. Na hii ni aibu hasa kwa sababu kazi ngumu imeshafanyika. Sensa ya 2022 kwa mara ya kwanza ilihesabu majengo pamoja na watu, ikakuta zaidi ya milioni 14 nchini. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka huohuo ilibandika namba kwenye nyumba na kuziweka kwenye ramani. TANESCO ina mita. Wizara ya Ardhi ina hati na leseni za makazi, na inakusanya kodi ya pango la ardhi ambayo wananchi wengi huichanganya na hii, nao hawana lawama. Orodha nne, ofisi nne, hakuna mbili zinazosalimiana.

Halafu njia ya fedha. Leo shilingi inayokatwa kwenye umeme wa mkazi wa Nyamagana haiendi Nyamagana. Inapanda hadi mfuko mkuu, na kilichoamuliwa kurejeshwa kinarejeshwa kwa wakati wa Hazina. Halmashauri inaiandika kwenye bajeti kwa kukisia. Mkandarasi wa taka anaambiwa avute subira, anavuta miezi mitatu, anaegesha magari. Mwenyekiti wa mtaa anatukanwa na watu ambao kodi yao imeshakatwa mwanzoni mwa mwezi kabla hawajawasha taa. Hatuoni sababu yoyote ya kiufundi ya jambo hili. Mfumo wa Serikali wa malipo kwa namba ya kumbukumbu unao uwezo wa kujua mlipaji ni nani na analipia nini. Ukiamriwa kugawa shilingi hapohapo inapolipwa, sehemu ya halmashauri iingie akaunti ya halmashauri siku hiyohiyo na ada ya mkusanyaji ikatwe ijulikane, utagawa. Haujaamriwa.

Wenzetu wametufundisha bila sisi kulipa ada. Nairobi haikuwahi kuachana na kodi inayofuata thamani. Ilichokosea ni kuacha kitabu cha uthamini kizeeke. Kwa takriban miaka 40 jiji lile lilitoza kwa thamani za ardhi za 1980, kana kwamba Upper Hill bado ni vichaka vya bangaloo za reli. Ili kufidia, kiwango kikapandishwa hadi asilimia 34 ya thamani hiyo ya kale, hesabu ambayo haikuwa na uhusiano na kitu chochote kinachouzwa sokoni. Uthamini mpya ulipofika mwisho wa miaka ya 2010 ukagonga mwamba wa malalamiko na mahakama, maana ni vigumu kumwambia mtu alipe leo kwa mruko wa miongo minne. Na kila gavana akasamehe riba na adhabu za waliochelewa, mara hii na mara ile, mpaka wenye viwanja wakajua kuwa anayelipa kwa wakati ndiye mjinga. Kenya imepitisha sheria mpya ya kitaifa ya kodi hii mwishoni mwa 2024. Tutaona kama sheria itawafunga magavana mikono. Kwetu funzo ni kwamba uthamini usiohuishwa kwa ratiba hufa, na msamaha wa mara kwa mara huua hata uliohuishwa.

Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, ulichukua njia fupi zaidi. Mwaka 2020, chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr, halmashauri ilitumia picha za satelaiti kupata majengo yote, na idadi iliyokuwa kwenye vitabu ikaongezeka zaidi ya maradufu. Haikungoja wathamini waingie kila chumba. Ilitumia alama: ukubwa wa jengo kwenye picha, kisha sifa zinazoonekana ukiwa nje, kama paa, ukuta, mahali lilipo, barabara inayofika hapo. Wenye majumba ya kifahari wakajikuta wanalipa zaidi sana, wenye vibanda wakalipa kidogo kuliko zamani. Serikali kuu yao nayo iliingilia na kuusimamisha mchakato kwa muda, kwa hiyo wasidhani wakubwa wetu kwamba wao ndio waliogundua tabia hiyo.

Hukumu yetu basi ni hii. Sheria ya fedha ijayo itamke kuwa kodi ya majengo ni mapato ya ndani ya halmashauri ambamo jengo lipo, na igawanywe pale inapolipwa. TRA na TANESCO wabaki wakala wa kukusanya, walipwe ada iliyoandikwa kwenye sheria, na wasiguse zaidi ya hapo. Daftari moja la majengo lijengwe kutokana na sensa, anwani za makazi, mita na hati. Daftari liwe la halmashauri, lihuishwe kila kibali cha ujenzi kinapotolewa, na jina la mmiliki liwe ndilo linalodaiwa, siyo namba ya mita. Mpangaji aliyekatwa apewe na sheria haki ya kupunguza kiasi hicho kwenye pango lake, na risiti ya LUKU iwe ushahidi wake mbele ya baraza la kata. Kiwango kimoja kivunjwe. Badala yake yawekwe madaraja machache yanayofuata eneo, ukubwa na matumizi ya jengo, kwa namna ambayo mjane wa Mbagala abaki alipo au ashuke, na jumba la Oysterbay na ghorofa la Kariakoo yapande mpaka yafanane na yanavyozalisha. Madaraja yahuishwe kila miaka mitano, na kati ya hapo yafuate mfumuko wa bei bila kuomba ruhusa ya mtu. Msamaha wa wazee na watu wenye ulemavu wasio na kipato utekelezwe na mtendaji wa mtaa anayewafahamu, wao wasitoke majumbani. Misamaha ya riba ya jumla ipigwe marufuku kwa sheria.

Halmashauri nazo zisidhani zinapewa zawadi. Fedha hii iwekewe uzio, itumike kwa taka, afya, masoko, shule na usafi wa mitaro, na isinunue gari la mkurugenzi wala kulipa posho za vikao wala safari za kujifunza Dubai. Kila robo mwaka ofisi ya kata ibandike ukutani majengo mangapi yapo, mangapi yamelipa, kiasi gani kimeingia na kimekwenda wapi. Halmashauri itakayoshindwa kubandika kwa robo mbili mfululizo mgawo wake uende moja kwa moja kwa mkandarasi wa taka na kwa zahanati, bila kupitia kwa mweka hazina. Mtumishi aliyekula makusanyo apelekwe mahakamani na asihamishiwe wilaya nyingine, maana kuhamishwa huko ndiko kumeieneza tabia hii nchi nzima.

Tunajua tutakachojibiwa. Tutaambiwa kuwa kupandisha kodi ya majumba makubwa kutafukuza wawekezaji. Hakuna mwekezaji aliyewahi kulibeba jengo begani akahama nalo, na wengi wao wanalipa kodi kama hii kwao bila kunung'unika kwa sababu taka zao zinazolewa. Tutaambiwa kuwa uthamini ni ghali na wathamini ni wachache, na ndiyo maana hatukudai uthamini wa chumba kwa chumba. Tutaambiwa kuwa halmashauri hazina uwezo. Zitaupata wapi, kama kila zikianza kujifunza kazi hii inachukuliwa? Na tutanong'onezwa lile lisilosemwa hadharani, kwamba wenye majumba ya Oysterbay, Mbezi Beach na Capri Point ndio hao hao wanaokaa kwenye vikao vya kuamua. Tunalifahamu hilo. Ndiyo sababu tunaliandika gazetini.

Waziri wa Fedha ana mpaka Juni. Tunamtaka afike bungeni na majedwali mawili ambayo hakuna mtangulizi wake aliyewahi kuyaweka mezani pamoja: la majengo yaliyopo katika kila halmashauri ya mji, manispaa na jiji kwa mujibu wa sensa, na la majengo yaliyolipa katika halmashauri hizohizo, likiwa na safu ya tatu inayoonyesha shilingi ngapi zilirudi huko na tarehe zilipopokelewa. Wabunge wa mijini wasipitishe kifungu chochote cha kodi hii kabla hawajaishika karatasi hiyo. Na madiwani wasingoje Dodoma. Kwenye kikao chao cha robo hii wamuulize mkurugenzi, kwa jina, kata kwa kata, ana majengo mangapi. Asiyejua aandikiwe barua siku hiyohiyo.